Alipiga, hakufagia: kisa cha mwanafunzi, simuleta na majeruhi wa bodaboda Moshi

Picha yenyewe ninayo bado. Ini limetanda juu kama wingu la kijivu, figo iko chini yake kama punje ya haragwe, na katikati yao umepita mstari mweupe mwembamba, safi, bila hata doa jeusi. Kwenye utrasaundi maji na damu huonekana vyeusi. Mstari mweupe maana yake ini na figo vimegusana, hakuna kilichojipenyeza. Ungeniletea picha hiyo kwenye mtihani ningekupa alama zote. Aliyeipiga alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tano wa udaktari, na kwenye faili la mgonjwa aliandika maneno mawili tu: FAST hasi, yaani utrasaundi haikuona damu inayovuja ndani.

Dakika 40 baadaye mgonjwa yule yule alikuwa anatokwa jasho la baridi.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi kwa wakufunzi wenzangu, na karibu kila mara wa kwanza kujibu husema, "Basi simuleta hazifai," yaani zile mashine za sanamu tunazofundishia utrasaundi. Mwingine husema, "Binti alizembea." Sikubaliani na yeyote kati yao, ndiyo maana nimeona niandike kisa chote kilivyokwenda.

Kijana alikuwa na miaka 24, dereva wa bodaboda. Alikuwa anashuka kutoka upande wa Marangu na mikungu miwili ya ndizi, anaiwahisha soko la Mbuyuni. Alipofika Kiboriloni gari dogo likamkatia kona bila kuwasha taa. Ndizi zikatawanyika barabarani, naye akapigwa na usukani wa pikipiki yake mwenyewe, chini ya mbavu za kulia. Wenzake wa kijiweni hawakusubiri gari la wagonjwa. Walimpakia mshikaki, yeye katikati, mmoja nyuma amemkumbatia asianguke, wakamleta hivyo hivyo mpaka mapokezi ya dharura.

Alifika anaongea. Presha 118 kwa 74, mapigo ya moyo 96. Alilalamikia mkono uliochubuka na ndizi za watu; tumbo alilitaja pale tu alipoulizwa. Jioni hiyo hiyo kulikuwa na daladala iliyopinduka, vitanda vimejaa, na daktari wa zamu alikuwa na majeruhi wa kifua mikononi. Akamwita mwanafunzi: "Dada, mpige FAST yule kijana wa bodaboda. Ukimaliza niite nione picha." Alimchagua yeye kwa sababu alikuwa na sifa. Kwenye maabara yetu ya stadi hakuna aliyekuwa anamkaribia.

Kwa msomaji asiye wa fani: FAST ni uchunguzi wa haraka wa utrasaundi kwa mtu aliyeumia, na swali lake ni moja, je, kuna damu inayovuja ndani? Unaangalia sehemu nne. Kulia, kati ya ini na figo. Kushoto, karibu na bandama. Chini, kuzunguka kibofu cha mkojo. Na moyo, kutokea chini ya kidari, uone kama damu imejaa kwenye mfuko unaouzunguka. Hauoni jeraha lenyewe, unaona maji tu. Haumchomi mgonjwa sindano, haumpitishii mionzi, na unaurudia mara unazotaka. Hilo la kurudia lishikeni, nitalirudia.

Sasa simuleta. Yetu ni kiwiliwili cha sanamu ya mpira, kompyuta, na probu bandia, probu ikiwa kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi. Neno bandia lisikupite: probu ile haitoi wimbi lolote la sauti. Ndani yake kuna kihisio kinachoiambia kompyuta probu iko wapi juu ya sanamu na imelalia upande gani, na kompyuta inachota picha inayolingana na mkao huo kutoka kwenye hazina yake. Ukisogeza mkono, picha inasogea; ukiinamisha, inainama. Mara ya kwanza kuishika unashangaa kweli. Mashine halisi kazi yake ni nyingine kabisa. Inatuma mawimbi ya sauti, kwa tumbo la mtu mzima kwa kawaida megahezi 2 hadi 5, inasikiliza mwangwi unaorudi, na kwa kuchukulia kwamba sauti hupita kwenye nyama laini kwa mita 1,540 kwa sekunde, inakokotoa kila mwangwi umetoka kina gani. Hewa kidogo tu kati ya probu na ngozi, sauti inarudi karibu yote na kioo kinakuwa giza. Ndiyo kazi ya jeli. Sanamu haihitaji jeli.

Hapo ndipo jioni ile ilipoanza kwenda mrama. Alikamua jeli kiasi cha kupaka kwenye mkate, akaweka probu, kioo kikawa na michirizi na giza. Sista aliyekuwa anafunga dripu akamwambia bila hata kugeuka, "Daktari, mwaga jeli, huyo si sanamu." Akamwaga. Kijana akashtuka: "Dada dokta, mbona ya baridi hivyo?" Akamwomba radhi. Vivuli vya mbavu vikaja, michirizi myeusi miwili imekatisha picha. Akakumbuka kuizungusha probu kidogo ifuate mwanya kati ya ubavu na ubavu, na ini likafunguka. Mpaka hapo alifanya kazi nzuri, tena nzuri kuliko nilivyofanya mimi siku yangu ya kwanza.

Ini, figo, mstari mweupe. Akagandisha picha, akaihifadhi.

Baadaye alinisimulia jambo ambalo hakuliandika popote. Kabla hajagandisha alikuwa ameiteremsha probu kidogo kuelekea ncha ya chini ya ini. Kijana akamshika mkono: "Hapo taratibu, dada." Akauinua mkono haraka, akarudi juu palipokuwa na picha nzuri. Alimhurumia, na huruma ni jambo jema. Ila pale alipoambiwa taratibu ndipo palipotakiwa kuangaliwa.

Kushoto alipata picha ya bandama kwa shida, kwa sababu pale probu inatakiwa iende nyuma sana, ngumi ya mkono iguse godoro, na kitanda kilikuwa na chuma cha pembeni kimepandishwa. Meza ya sanamu haina vyuma. Chini hakuona kitu cha maana: mgonjwa alikuwa ameshawekewa mpira wa mkojo, kibofu kimenywea, na kibofu kilichojaa ndilo dirisha la kuonea eneo lile. Moyo aliuona vizuri. Daktari wa zamu akaja mbio, akatazama picha zilizogandishwa moja moja, akasema safi, akarudi kwa mtu wake. FAST hasi.

Mapigo yalipofika 128 na presha kushuka hadi 92 kwa 60, daktari wa upasuaji aliyeitwa alirudia utrasaundi mwenyewe. Alianzia pale pale, ini na figo, na mstari ulikuwa bado mweupe! Hakusimama. Aliteremka taratibu hadi ini lilipoishia, na pale kwenye ncha kukawa na weusi wenye umbo la hilali ya siku ya pili. Damu. Kijana alipewa chupa mbili, akatulia, akapelekwa kwenye CT, kipimo cha mionzi kinachoonyesha mwili kwa vipande, ikaonekana ini limechanika kwa kiasi ambacho mgonjwa akiwa ametulia huangaliwa tu bila kupasuliwa. Akalazwa, akachungwa, siku ya nane akarudi nyumbani. Mikungu ya ndizi, niliambiwa, ilimalizwa na wapita njia.

Je, damu ilikuwepo kwenye utrasaundi ya kwanza? Inawezekana kabisa haikuwepo. Tumbo linaweza kuficha mililita mia kadhaa kabla hazijaonekana kati ya ini na figo, na uvujaji wa polepole huchukua muda wake. Kinachonikera ni kwamba hatutajua kamwe, maana hakuna aliyeangalia ile ncha, na mashine ilihifadhi picha moja ya mgando. Picha ile haisemi uongo. Imejibu swali la nusu, na sisi tukaandika jibu zima.

Kesho yake nilifungua kumbukumbu za simuleta. Mashine hizi zina tabia moja ninayoipenda, huandika kila kitu: probu iligusa wapi, kwa sekunde ngapi, ikainama kiasi gani. Binti huyu alikuwa amefanya upande wa kulia mara 31. Mara za kwanza alichukua zaidi ya dakika moja na nusu kuipata picha. Mwishoni sekunde tisa. Ndizo alama zilizompa jina. Lakini nilipotazama njia ya probu yenyewe, ule mchoro wa mstari unaoonyesha mkono ulivyotembea, niliona kitu ambacho alama hazikionyeshi. Simuleta yetu huwasha kitone cha kijani pembeni mwa kioo probu ikifika mkao sahihi. Katika mara zote 31, kijani kikiwaka, mkono unasimama. Haukusogea tena hata sentimita moja. Sekunde inayofuata, picha imegandishwa.

Alikuwa amejifunza kufika, na amejifunza vizuri mno. Hakuna aliyemfundisha kwamba ukifika ndiyo kwanza kazi inaanza: unainamisha probu mbele na nyuma, unapita ini lote kutoka kwenye kiwambo cha mapafu juu hadi ncha yake chini, figo kutoka ukingo hadi ukingo. FAST si picha. Ni kufagia.

Na hapa nina shaka na lugha yetu wenyewe. Kiswahili tunapiga kila kitu: unapiga picha, unapiga eksirei, unapiga simu, unapiga pasi, na sasa unapiga utrasaundi. Kwenye picha na eksirei ni sawa, ni tukio la mara moja, bonyeza, kwisha. Tukimwambia mwanafunzi "nenda kapige utrasaundi", anaenda kupiga, na mtu akipiga hufuata kuona kama imetoka. Asiyefagia kona anajulikana hata na mtoto, uchafu unabaki pale pale, lakini nani amewahi kuulizwa kama picha yake ina kona? Jina FAST nalo halisaidii, kwa anayejua Kiingereza linamsukuma akimbie. Sisemi neno ndilo lililochana ini la kijana yule. Nasema mashine na lugha vilivuta upande mmoja, na mimi mkufunzi nilikaa pembeni nasifia sekunde tisa.

Kuna jambo la pili lililotoka kwenye kumbukumbu. Kati ya mifano yenye damu iliyokuwamo kwenye simuleta, yote ilikuwa na damu nyingi. Mkanda mweusi mpana, umelala kati ya ini na figo kama mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, uliofunguliwa maji asubuhi. Mtu anayeuona kwa mara ya kwanza anaujua. Hapakuwa na mfano hata mmoja wa damu kidogo iliyojificha ncha ya ini, ambako kwa mgonjwa aliyelala chali mara nyingi ndiko huanza kuonekana. Kwa hiyo wanafunzi wangu walijifunza, bila mtu kuwaambia, kwamba damu ni kitu cha dhahiri na kinakaa mahali pamoja.

La tatu ni karatasi ya majibu. Kila zoezi liliishia na swali: kuna maji? Ndiyo, hapana. Hapakuwa na kisanduku cha tatu. Jioni ile kwenye mapokezi jibu la kweli kwa eneo la kibofu lilikuwa "sikuona", na kwa ncha ya ini "sikufika". Lakini kwa miezi miwili tulikuwa tumemzoesha kwamba asiyesema ndiyo amesema hapana.

Nilisema sikubaliani na wanaotaka simuleta itupwe. Fikiria wodi zetu. Wanafunzi kumi wamezunguka kitanda kimoja, mashine ya utrasaundi ni moja na inagombaniwa na wodi ya wazazi, mgonjwa ana maumivu na ndugu zake wamesimama mlangoni. Hapo ndipo umfundishe mtu tofauti ya kuinamisha probu na kuizungusha? Mkono wa mwanafunzi mgeni na jicho lake havielewani. Anasogeza kulia, picha inaenda asikotarajia, anakata tamaa. Saa za kutafutana kwa mkono na jicho ni bora zitumike kwa sanamu isiyolalamika. Na faida hiyo haiishii maabara. Denmark walilipima kwa madaktari wapya wa magonjwa ya wanawake, matokeo yakachapishwa 2015: waliojifunza kwanza kwenye simuleta mpaka wakafikia kiwango kilichowekwa walifanya utrasaundi bora kwa wagonjwa halisi, hata baada ya miezi miwili ya kazi za kawaida. Wengi husoma pale penye "simuleta" na kuruka pale penye "mpaka wakafikia kiwango". Kiwango anakiweka nani, na kinapima nini? Kwetu kilipima mbio.

Bei nayo ina maneno. Simuleta za aina ile huuzwa kwa maelfu mengi ya dola, na leseni ya programu inaisha kama vocha. Probu za mkononi zinazochomekwa kwenye simu zimeshuka sana. Ya kampuni ya Butterfly ilipotangazwa bei yake ilikuwa chini kidogo ya dola 2,000. Ningeulizwa leo ninunue nini kwanza kwa chuo kisicho na chochote, ningenunua probu hizo kadhaa, wanafunzi wakafanyiana wenyewe kwa wenyewe, kabla ya kuwaza sanamu. Ini la mwenzako linapumua, linateleza nyuma ya mbavu, na gesi ya maharage ya jana inakuzibia njia. Utajifunza kusema "vuta pumzi, ishikilie" na kuona ini likishuka lenyewe kuja kwako. Tatizo ni kwamba mwenzako hana damu tumboni, kwa hiyo sanamu bado ina kazi yake. Wapo pia wagonjwa wa wodini waliojaa maji tumboni kwa ugonjwa wa ini, na baadhi yao wakiombwa kwa heshima hukubali. Mzee mmoja aliniambia, "Nifundishie vijana wako, ila mikono yao waipashe moto kwanza." Wakipona au wakichoka wakakataa, hatuwagusi.

Tulichobadilisha hakikuwa kikubwa. Tulizima kitone cha kijani. Siku ya kwanza kulikuwa na manung'uniko, wanafunzi wakauliza watajuaje wamefika. Nikawaambia wataje kingo kwa sauti: nimeona kiwambo, nimeona ncha ya ini, nimeona mwisho wa figo. Asiyetaja kingo zote haruhusiwi kusema hapana. Tukaongeza kisanduku cha tatu. Tukaacha kuhifadhi picha ya mgando kwa FAST, sasa tunahifadhi video fupi ya sekunde sita ili anayekuja nyuma aone mkono ulipita wapi. Alama za muda tulizifuta kabisa, na sijajuta.

Kwa damu kidogo, ambayo mashine haikuwa nayo, tuliingia jikoni. Jelatini ya kutengenezea keki ukiipika na maji peke yake inakuwa nyeusi tupu kwenye utrasaundi, haina kitu cha kurudisha mwangwi. Ukikoroga wanga wa mahindi kidogo wakati ikianza kupoa, inageuka ya kijivu, inafanana na nyama ya ini. Tunachukua kidole kimoja cha glavu, tunakijaza maji, tunatoa hewa yote, tunafunga kwa uzi na kukizamisha upande mmoja wa ndoo kabla haijaganda. Kila ndoo kidole kinakaa pengine, na ndoo moja haina kidole. Ya kwanza tuliyotengeneza ilijaa mapovu, ikaonekana kama mgonjwa aliyekula matofali. Ya pili ikakubali. Inakaa kwenye friji siku chache kabla ya kuanza kunuka, na inatumia probu halisi na jeli halisi. Ukiweka jeli ya kupaka mkate, kioo kinakuwa giza.

Binti alikuwa wa kwanza kupewa ndoo isiyo na kidole. Alifagia dakika nne nzima, akarudia kutokea upande wa pili, akaniangalia. "Mwalimu, humu hamna kitu, au mimi ndiye sioni?" Sikumjibu. Akachukua kalamu, akasita juu ya visanduku vitatu.

Sasa ni daktari tarajali, hospitali nyingine, si Moshi. Mwezi uliopita alinitumia ukurasa wa kitabu chake cha kazi, jina la mgonjwa amelifunika kwa kidole gumba. Umeandikwa hivi: "Kulia: kiwambo nimeona, figo yote nimeona, ncha ya ini sikuona vizuri, gesi. Kushoto: hakuna maji. Chini: mpira wa mkojo umefungwa kwa muda ili kibofu kijae, nitarudia. Moyo: hakuna maji. Nimerudia kulia saa 3:35 usiku, mgonjwa amevuta pumzi, ncha nimeiona."